Mafuta Kwenye Mshipa wa Mume Wangu

Tunalima viazi Molo. Msimu mmoja mume wangu alianza kusimama njiani akibeba gunia, mkono kifuani, akisema ni baridi tu.

"Baba watoto," nilimwambia, "baridi ya Molo umezaliwa nayo. Kesho tunaenda hospitali Nakuru."

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole. Baada ya vipimo alitugeuzia kompyuta tuone picha ya moyo. Ukutani mwa mshipa mmoja mafuta yalikuwa yamejikusanya, yakabana njia ya damu.

"Mzee, shida si kubana peke yake," alisema. "Mafuta haya bado ni laini. Yakipasuka, damu inaganda hapo hapo, na moyo unakosa damu."

Akampa dawa ya kuzuia damu kuganda, na nyingine ya kushusha kolestro, yale mafuta ya kwenye damu, ameze kila jioni.

Dawa ya maumivu ya kichwa unajua imefanya kazi. Hii ya kolestro haikuambii kitu. Miezi ikapita, miguu ikaanza kumuuma, na jirani akamwambia dawa hizo humaliza misuli. Jioni moja aliisukuma pakiti mezani.

"Nimechoka kumeza kitu nisichoona kazi yake."

"Usiache kabla hatujamuuliza daktari."

Alinuna, lakini asubuhi alivaa koti tukarudi Nakuru. Daktari hakumgombeza. Alimpima damu, akambadilishia dawa, na miguu ikatulia.

Mwaka uliofuata walirudia picha. Tulikaa pale tumeshikana mikono, sisi wazee, bila haya.

"Mafuta hayajaisha, sitawadanganya," daktari alisema. "Lakini yamepungua kidogo, na yaliyobaki yamekuwa magumu. Hayawezi kupasuka kwa urahisi kama zamani. Endelea na dawa."

Mume wangu aliitazama ile picha kwa muda. "Kumbe dawa ilikuwa ikifanya kazi hata nikilala?"

"Hata ukinuna," nikasema. Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

Mwezi uliopita binti yetu alijifungua. Mume wangu alimbeba mtoto, akatoka naye juani, akawa anamwonyesha ng'ombe mmoja mmoja, akimweleza yupi mkali na yupi ana maziwa mengi. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Mimi nilibaki mlangoni na kikombe cha chai, nikamshukuru Mungu, kisha nikamshukuru yule daktari.