Usingizi wa Mfadhili

Mama yangu mdogo mpaka leo akiulizwa ninafanya kazi gani, anasema mimi ni dalali wa sadaka. Nimechoka kumsahihisha. Kazi yangu ni kuwashauri watu wenye uwezo wanaotaka kusaidia mambo ya sanaa na utamaduni: wasaidie nini, kwa njia gani, na wakishasaidia wakae mbali kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo linalonigombanisha na wateja. Mtu akitoa anataka aonekane, anataka kibao chenye jina lake ukutani, anataka apigiwe ngoma kila akikatiza hapo. Nami mdomo wangu hauna breki, huwa namwambia palepale kwamba kama anataka kibao akafungue duka. Nimeonywa mara nyingi kwamba nitakuja kulala njaa, na bado sijalala.

Mzee ninayemkumbuka hapa alikuja ofisini kwangu mchana mmoja wa kiangazi, upepo wa Dodoma ukigongagonga mabati ya jirani. Enzi zake alikuwa na malori, kisha akayauza akapumzika. Mkewe alikuwa amefariki. Marehemu alipenda sana ngoma za kwao, za Kigogo, na kila mara alimwomba waende wakazione, na kila mara yeye alikuwa safarini. Sasa alitaka kutoa kitu kwa ajili yake ila hakujua nini. Aliongea polepole, macho mekundu, nami kwa ubaya wangu nikajua huyu ni mnywaji. Kumbe halali. Aliniambia mwenyewe, bila kuona haya, kwamba tangu msiba usingizi umemkimbia. Usiku anasikiliza mbwa wa mtaani, mchana anazunguka ndani ya nyumba. Hospitali alikwenda, dawa alimeza, wapi.

Nikaanza kumzungusha. Tulikwenda chuoni Chimwaga kuwaona wanafunzi wa sanaa, watoto wazuri, wana projekta na mpango wa miaka mingi mbele. Tulikaa na watu waliotaka kujenga makumbusho. Mzee alisikiliza kila kitu kwa heshima, akauliza maswali ya kibiashara, na kila tulipotoka alisema, "Vizuri, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyepewa chai isiyo na sukari.

Ndipo nikampeleka Chang'ombe, ya hapahapa Dodoma. Kulikuwa na kikundi kinachofanya mazoezi kwenye nyumba ya zamani katikati ya maduka, nyuma ina ua mpana. Akina mama walipiga muheme, zile ngoma za kubana kwa mapaja, na wanaume wachache walipiga zeze na marimba ndogo za mkononi. Wengi walitoka vijijini, upande wa Zuzu na kuendelea, wakaja mjini kutafuta maisha. Nyumba yenyewe walipanga tu. Tangu serikali ihamie Dodoma kila mwenye kiwanja anajiona tajiri, na mwenye nyumba alikuwa amewaambia wajiandae, amepata mtu anayetaka kuivunja ajenge fremu za maduka. Wakitoka pale hawakuwa na pa kwenda. Kikundi kisicho na mahali pa kukutana hufa taratibu, watu wanaanza kuja wachache, mwisho hawaji. Nimeviona vingi vikiisha hivyo.

Nina utaratibu wangu: ziara ya kwanza simtambulishi mfadhili. Watu wakishajua kuna mwenye pesa ndani, nyuso hubadilika, hata ngoma hubadilika. Nikasema tu kwamba nimekuja na mzee anayependa ngoma. Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti nzito anayeuza mboga sokoni, alitupokea kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," akamtandikia mzee jamvi kando ya ukuta penye kivuli, kisha wakaendelea na yao.

Siku ile walikuwa wanarudia kipande kimoja. Zeze linatangulia, marimba zinafuata, akina mama wanaingia kwa sauti zinazopandana, halafu mmoja anakosea, wanachekana, wanaanza upya. Mtu alikuwa amewasha majani makavu kupasha ngozi za ngoma zikaze, na moshi wake ulinukia vizuri. Vumbi jekundu lilining'inia hewani likikataa kushuka. Mbali huko treni ilipiga honi, sijui ilikuwa inakuja au inaondoka. Kuna alasiri za Dodoma ambazo hazina mwanzo wala mwisho, unajikuta umo tu. Mimi mwenyewe nilishaanza kuelea, nikimwona bibi yangu akipeta mtama, nikiisikia na sauti yake, nilipogeuka nikamkuta mzee wangu amelala fofofo, mdomo wazi, kofia imeanguka chini.

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Watu wanahangaika na jua, nyumba inauzwa, na mtu pekee anayeweza kuwaokoa anakoroma. Nikanyoosha mkono nimfinye. Yule kiongozi akaniona, akatikisa kichwa.

"Mwache," akasema. "Huyu kachoka, huoni?"

Akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika, akawaashiria wenzake washushe sauti. Hawakuacha kupiga. Walipiga kwa ncha za vidole, akina mama wakiimba kwa kunong'ona, wakirudia kipande kilekile mpaka kivuli cha ukuta kikavuka ua mzima. Mzee akaamka mwenyewe, akauliza yuko wapi.

Kwenye gari machozi yalimtoka. Alisema amemwota mkewe amekaa pale uani, amebana ngoma, anamcheka. Tangu amzike hajawahi kumwota, maana mtu asiyelala ataota wapi. Nikaegesha pembeni nami nikalia kidogo, sioni sababu ya kuficha.

Kuanzia hapo akawa anakwenda peke yake. Wakamzoea, wakamwita babu wa jamvi, wakawa wanamtania kwamba anakoroma nje ya mdundo. Walidhani ni mstaafu tu mpweke, na kwa namna fulani hawakukosea. Akifika anaulizwa kama amekula. Asipofika, mtu anatumwa kuuliza kulikoni. Macho yake yakarudi meupe. Na nyumbani bado hakuweza kulala, aliniambia, ila haikumtesa tena kwa sababu alijua pa kwenda.

Akaja ofisini akasema anataka kuinunua ile nyumba awape. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Nikamwambia bila kuzungusha: siku wakijua ni wewe, utaletewa kiti. Watasimama ukiingia. Watakupigia onyesho safi kutoka mwanzo hadi mwisho na hutafumba jicho. Utapata shukrani, usingizi utaukosa. Akaniuliza kama inawezekana asijulikane kabisa. Nikamjibu kwamba inawezekana. Nyumba ikanunuliwa, hati ikaandikwa kwa jina la kikundi, wakili akanyamaza, na mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu si jambo dogo.

Siku ya kukabidhi hati nilikuta wamepaka kuta chokaa na kukipamba kiti kimoja kwa kitenge kipya. Ni cha mfadhili, walisema, ingawa niliwaambia hatakuja. Jamvi lilikuwa limekunjwa na kusimamishwa kwenye kona ili ua upendeze. Mzee alisimama na wageni wengine kofia mkononi, akilitazama. Niliumia, nikawaza kwamba ndiyo basi, nyumba imepona na mzee wangu amepoteza mahali pake, na mwenye akili nyingi aliyepanga yote hayo ni mimi.

Kabla sijaitoa hati mkobani, kiongozi akanivuta nyuma ya nyumba. Hakuwa na uso wa mtu mwenye sherehe.

"Mwanangu, huyo mfadhili wako tunamshukuru," akasema. "Lakini wenye pesa wana masharti. Ipo siku atakuja, atamkuta yule babu kalala, ataona tunafuga watu, atasema aondolewe. Jana tumekaa wote, tumekubaliana. Babu haondoki. Hapa ndipo anapopata usingizi, tumtoe aende wapi? Kama mfadhili hataki, abaki na hati yake."

Nikamuuliza kama anaelewa anachosema, kwamba wakiikataa hati nyumba itauzwa tena, na yule wa fremu bado yupo, anasubiri tu. Akasema anaelewa. Akasema hataigusa ile karatasi mpaka nimletee jibu, na akasimama palepale, mikono kifuani, kuonyesha kwamba hana haraka.

Nikaenda nikamwita mzee kando, nikamweleza kila kitu kwa sauti ya chini. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Wanajua wataikosa nyumba?"

"Wanajua, mzee."

"Na hawajui kuwa ni mimi."

"Hawajui."

Alijipangusa uso kwa kofia yake, akaivaa, akaivua tena. Upepo ulikuwa umetulia na watu uani walikuwa wanatungoja. "Kamwambie mfadhili amekubali," akasema.

Nikarudi nyuma ya nyumba nikamwambia yule mama kwamba nimeongea na mfadhili, hana neno. Alivuta pumzi, hakunishukuru. Alinipita, akaenda moja kwa moja kwenye kona, akalichukua jamvi, akalikung'uta na kulitandika mbele ya wageni wote, kando ya kile kiti kilichopambwa.

"Babu," akaita, "njoo ulale. Tumeruhusiwa."

Mzee akaja, akavua viatu.