Mbweha na Kitovu cha Mjukuu Wangu

Kwetu Tanga, kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa uani, na juu yake hupandwa mnazi. Hapo ndipo kwao huyo mtoto, hata akienda wapi. Mjukuu wangu kazaliwa London, hapa Thornton Heath, na mnazi utaota wapi na baridi hii? Nikanunua mche wa tufaha. Kitovu nikakifunga kwa kitambaa cheupe, nikakizika uani chini ya mche, na ili ushike vizuri nikatia na vichwa vya samaki, kama mama yangu alivyokuwa akifanya kwenye migomba yake.

Jamani, kumbe mbweha wa mji huu sikuwajua! Nilizoea kuwaona wakikatiza barabara mchana kweupe bila haya, wakipasua mifuko ya taka. Sasa wakahamia kwangu. Waling'oa mchicha wangu wote, wakaanza kufukua pale kwenye mche. Nikarudisha udongo, nikapanga matofali. Wakayasukuma. Nikamwaga pilipili, nikaishia kupiga chafya mwenyewe. Nikapiga simu kaunsili, halmashauri ya mji, wakaniambia mbweha si shauri lao.

"Si uvitoe hivyo vichwa vya samaki?" mume wangu akasema.

"Nifukue kitovu cha mtoto? Una wazimu?" Kikishazikwa hakiguswi, na yeye anajua. Binti yangu alicheka, akasema kwa Kiingereza kwamba hata mbweha wana njaa. Mimi silali, sili, nachungulia dirishani tu.

Siku moja narudi kutoka sokoni, nakuta mche umelala mizizi juu. Lo! Kitambaa kimenasa kwenye uzio, kimechanika, ndani hamna kitu. Nikapiga magoti topeni, nikachakura kwa vidole, nalia kwa sauti, majirani wanione wasinione shauri yao.

Binti yangu akatoka na mtoto kifuani. Nikamwonyesha kitambaa. Nilijua atacheka tena. Hakucheka. Alitazama lile shimo, akamkumbatia mtoto kwa nguvu. Tangu aanze shule binti yangu huyu ananijibu kwa Kiingereza, hata nikimgombeza. Siku ile aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, anatafuta maneno:

"Mama, sasa mwanangu kwao wapi?"

Nikaendelea kuchakura.