Siku za Hospitali

Watu wetu hapa Guangzhou walimwona Muzdalifa kama kachanganyikiwa, na mimi jirani yake wa ghorofa ya chini nilikuwa wa kwanza kulisema. Asubuhi yuko soko la Zhongda akichagua majora ya vitambaa vya wateja wake wa Unguja. Mchana, badala ya kujinyoosha, anamkalisha bintiye Swalha mezani na kumfundisha fasihi, insha na historia. Shule za kimataifa hawaziwezi, na za serikali makaratasi yao hayakutosha. Zamani Muzdalifa alikuwa mwalimu wa sekondari, na mwalimu hata umhamishie Uchina chaki haimtoki mkononi.

Mimi niliona mtoto anapotezewa wakati. Swalha ana miaka kumi na tano, na Kichina anakimwaga kama mzawa. Dullah, wakala wa mizigo, alikuwa haishi kumbembeleza: "Swalha, twende Xintang kesho, kuna laobani, bosi wa kiwanda cha jinzi, ananizungusha. Kila nikimuuliza mzigo, meiyou, hamna, ndilo jibu lake." Mtoto anatikisa kichwa tu. Tangu baba yake, Pandu, afariki hapa hapa mwaka jana, hakumtafsiria mtu hata bei ya nyanya. Tukasema ana maringo. Kusema tunajua sisi.

Hitma ya mwaka ilipokaribia, Muzdalifa akampa kazi ya historia: aandike wasifu wa baba yake, usomwe baada ya dua. Kwetu visiwani si mazoea sana, wa bara ndio wenye mambo hayo, lakini hapa tumechanganyika na hakuna aliyebisha. Swalha akatuhoji wote. Mimi aliniuliza Pandu alipenda chakula gani, nikamwambia pweza wa nazi. Akaniuliza nimejuaje, eti historia inataka ushahidi! Nilikasirika, halafu nikacheka mwenyewe.

Wasifu ulitoka mzuri, ila ulikuwa na pengo. Kutoka kontena la mwisho alilofunga Pandu, uliruka moja kwa moja mpaka kaburini. Muzdalifa akaurudisha, ukarudi vilevile. Siku moja nikiwapelekea chapati niliwakuta wamekabiliana.

"Siku za hospitali ziko wapi?" aliuliza Muzdalifa.

"Sizijui, mama."

"Huzijui vipi, na wewe ndiye uliyekuwa ukisema na daktari? Mimi Kichina changu cha sokoni, nitamuuliza nani? Historia yenye pengo ni uongo, Swalha."

"Basi siandiki. Wala sisomi tena. Nitafutie kazi nyengine."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Muzdalifa akaketi akiwa ameshika chapati yangu bila kuila. "Baba yake kashaondoka," aliniambia. "Na huyu akiniachia masomo, shoga, mimi nipo hapa kwa ajili gani?" Nilikuja na maneno yangu ya kumcheka. Niliyameza.

Siku ya hitma nyumba ilijaa, wanaume sebuleni, sisi wanawake chumbani, mlango wazi. Maalim Abass alipomaliza dua, Muzdalifa aliagiza pilau iletwe. Wasifu alikwisha kuukatia tamaa. Hapo Swalha akasimama mlangoni na karatasi yake, akaanza kusoma.

Alisoma kuzaliwa kwa Pandu, safari yake ya kwanza ya kuja huku, ucheshi wake. Hata pweza wangu alikuwamo. Watu wakatabasamu. Kisha sauti ikapungua, lakini haikukatika.

"Mama alikuwa kwenye foleni ya dawa. Daktari akaniambia ugonjwa umeshaenea, na kwamba nimwambie baba hakuna la kufanya. Baba akauliza, 'Anasemaje?' Nikamwambia, 'Anasema utapona.' Mama aliporudi, nikamwambia hivyo hivyo. Akafurahi, akapiga simu Unguja, akamwambia bibi asihangaike kuja. Baba akafariki bila kumwona mama yake."

Muzdalifa alinyanyuka, na kwa jinsi uso wake ulivyokuwa nilidhani atampiga. Niliogopa. Akamshika mtoto mashavu kwa mikono miwili.

"Mzigo ule tulikutwika sisi wakubwa," alisema, na machozi yakimtoka. "Ulikuwa mtoto. Tungetafuta mtu mzima."

Kisha ualimu ukajitokeza, maana haukumwacha hata siku ile.

"Na baba yako? Ulipomwambia atapona, yeye alisemaje?"

Swalha alitazama chini. "Alinishika mkono. Akasema, 'Ahsante, mwanangu. Na mama yako mwambie hivyo hivyo.'"

Muzdalifa aliketi pale pale sakafuni.

"Alijua," alisema. Baadaye akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kaandike na hilo, mwanangu."