Mama Mizani na Ukuta Unaocheka Peke Yake

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Mama Mizani anasimama nyuma ya vyumba vya upasuaji, mbele ya bomba la rangi ya buluu, kiganja juu ya koki. Anaizungusha mpaka inagoma. Bomba limefungwa.

"Basi," anasema, akijifuta jasho. "Mambo yakiniharibikia leo, kesho mtanikuta kwenye masinki."

Hatanii, ingawa kutania ndiyo kawaida yake. Mama huyu mwenye miaka arobaini na tisa ni mtaalamu wa usingizi: ndiye anayewapiga watu nusu kaputi kabla ya kisu, na ndiye anayewaamsha. Lakini alianzia kwenye masinki, miaka kumi na moja akiosha mikasi na koleo za madaktari. Alirudi darasani akiwa na miaka thelathini na minane, akigombania taa ya kusomea na kifungua mimba wake.

Bomba hilo hupeleka gesi ya kucheka, ile inayomchekesha anayeivuta kidogo, vyumba vyote vitatu. Inasaidia kulaza wagonjwa usingizi, ila ikitoka nje ni balaa: kilo moja hulipasha joto anga zaidi ya mara mia mbili hamsini ya kilo moja ya hewa ukaa.

Mwaka jana alishangaa mitungi inayolisha bomba inaisha ilhali gesi yenyewe hutumika kwa nadra. Akaazima mizani ya kliniki. Kwa kuwa mtungi haukukaa wima peke yake, alipanda nao, ameukumbatia, kisha akatoa uzito wake.

"Ndiyo maana hospitali nzima inajua nina kilo themanini na mbili," anasema. "Mume wangu mwenyewe alikuwa hajui."

Ijumaa alipima, akaurudisha mtungi kwenye bomba. Jumatatu, kabla ya mgonjwa wa kwanza, akapima tena. Kilo nne zilikuwa zimeyeyuka, na hakuna aliyelazwa usingizi. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya kuta.

"Nikamwambia Bosi, wagonjwa hawacheki, sisi hatucheki. Ni ukuta unacheka peke yake."

Bosi, daktari mkuu wa upasuaji, hakucheka. Mama Mizani alitaka bomba lifungwe kabisa, na kila mashine iwe na mtungi wake mdogo unaofunguliwa kwa mgonjwa anayeuhitaji tu. Baada ya miezi mitano ya kusumbuliwa, Bosi alikubali kwa sharti: upasuaji mmoja ukikwama, bomba linafunguliwa, na Mama Mizani anarudi kuosha vifaa. Wifi yake naye akamtumia ujumbe: "Wifi, hata gesi ya kucheka unazima? Ndiyo maana kwa kaka kumenuna."

Mgonjwa wa kwanza leo ni msichana wa miaka saba mwenye ngiri. Mlangoni, mama yake anamshika mkono Mama Mizani. Amesikia minong'ono.

"Dada, mmezima gesi na mwanangu anaingia?"

"Nimezima inayomwagika ukutani, mama. Ya mwanao ninayo mimi, hii hapa."

Msichana anavuta pumzi chache kwenye barakoa na kulala. Kisu kinaanza. Dakika ya kumi na mbili, king'ora kinalia ukutani.

Mikono ya Bosi inasimama. Mama Mizani anatazama mashine: hewa inaingia, moyo unadunda sawasawa. Halafu anajipiga paji la uso. Alifunga koki, akasahau king'ora kinacholia bomba likiwa tupu.

"Huo ni ukuta, Bosi, unalia njaa. Mtoto ameshiba."

Muuguzi anakizima. Bosi anakitazama kifua cha msichana kikipanda na kushuka, kisha anaendelea kushona. Dakika arobaini, kazi imekwisha. Msichana anafumbua macho na kuuliza viatu vyake viko wapi.

Hadi mchana wagonjwa sita wamelazwa na kuamshwa, na hakuna aliyecheleweshwa hata dakika. Tunamkuta Bosi kwenye korido akimpigia simu mwenzake wa hospitali nyingine, sauti imejaa majivuno. "Tumezima," anasema. "Ndiyo, tumezima lote."

Mama Mizani anaegemea ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mmemsikia? Miezi mitano ilikuwa 'wewe na bomba lako'. Leo ni 'tumezima'. Haya, sifa na achukue." Jumamosi, siku yake ya mapumziko, atakwenda hospitali hiyo ya mwenzake Bosi kupima mitungi. "Nataka kila daktari mwenye bomba kama hili ajisifu hivyo hivyo. Mimi nitakuwa nimeshafika kwa anayefuata."