Kumbe kwenye jimnastiki hawakuongezei pointi, wanakukata: yaliyomkuta binti yangu Vwawa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Naandika nimesimama kaunta ya duka langu hapa Tunduma, kukaa nimeshindwa tangu juzi. Nimeyaona kwa macho yangu haya, sina sababu ya kuwapiga kamba.

Nina binti, Upendo, darasa la nne. Anacheza jimnastiki, ile ya floor, mtoto anapinduka na kuruka kwenye mkeka huku majaji wanaandika. Mazoezi wanafanyia kwenye nyasi hapa jirani, mkeka wenyewe wanaukuta kwenye mashindano.

Juzi tulikuwa Vwawa. Raundi mbili, asubuhi na mchana, pointi zinajumlishwa, watakaokuwa juu wanapelekwa Lusaka. Upendo alishatangaza mtaa mzima kwamba anavuka boda. Hata begi alishapanga.

Asubuhi mtoto kafanya balaa. Kasimama kwa mikono, kapiga samasoti, katua. Mimi natoka nje, narudi, natoka tena, hadi mlinzi akaniuliza kama natafuta choo.

Matokeo yakatoka. Yuko chini ya mtoto ambaye samasoti hata hakuijaribu.

Damu ikachemka. Nikajua hapa ni kujuana tu. Nikamfuata coach wao, nikamwambia, "Mwalimu, usinifiche. Nani kapendelewa?"

"Baba Upendo, tulia kwanza. Hapa hawaanzi sifuri wakakupandisha. Ukifanya vile vilivyotakiwa una kumi yako, halafu wanakata. Goti likikunjwa pasipotakiwa, wanakata. Ukitua ukayumba, wanakata. Ukikanyaga nje ya mstari, wanakata. Samasoti hawakuiomba, haimwongezei kitu."

"Sasa yeye kakatwa wapi?"

Akanionyesha video kwenye simu. Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Kila alipokatiza mbele ya meza ya majaji, mtoto aliinama, akakunja magoti, macho chini, akapita. Kisha akaendelea na routine yake.

Wa Mbozi mmeshaelewa. Huku kwetu mtoto hapiti wima mbele ya wakubwa. Upendo kalelewa na mama yangu mzazi kule Hasamba, na kwa mama ukipita wima unarudishwa upite upya. Kwenye nyasi hakukuwa na meza wala wakubwa waliokaa, coach angejuaje?

Nikamwita, nikachuchumaa. "Mwanangu, mchana pale mbele pita wima."

"Hata mbele ya yule jaji, bibi mwenye miwani?"

"Hata yeye."

"Hatasema sina adabu?"

Nikamwambia hatasema. Ila moyoni sikuwa na uhakika, maana hata mimi ningeinama.

Mchana akapita wima. Uso umemkauka kama mtoto anayedokoa nyama jikoni, lakini alipita. Raundi ile hakuna aliyemzidi.

Wakajumlisha. Kakosa nafasi ya mwisho ya kwenda Lusaka kwa pointi ndogo kuliko ile aliyokatwa kwa kuinama mara moja. Mara moja tu, wakuu. Iliniuma sana, na inaniuma hadi sasa.

Njiani kurudi hakulia. Aliniuliza tu kama begi alipangue.

Jana mama kaja kututembelea, kakaa zake sebuleni. Upendo katoka chumbani, kafika katikati, akasimama kunitazama. Kisha akainama, akakunja magoti, akapita. Akaja kuninong'oneza, "Baba, bibi hakati, eti?"

Mama masikio yake bado mazima. Akadai aelezwe, nikamweleza yote. Nilitegemea anigombeze kwamba namharibu mtoto. Akasema, "Pelekeni meza kule kwenye nyasi. Nitakaa mimi. Apite wima mbele yangu mpaka azoee."

Leo asubuhi kaanza. Mara ya kwanza mtoto kainama. Mama akamwambia rudi, upite upya.

Wazazi wenzangu, mtoto akiingia kwenye mchezo, ulizeni mapema wanakata nini. Msisubiri matokeo ndiyo mpande hasira kama mimi. Na mliolea watoto wa kuinama mkawapeleka kwenye mashindano, mliwaambiaje? Semeni hapa chini, mimi ngoja nikachungulie nyasi, siwezi kukaa.