Gari Lililokataa Kuondoka

Juzi niliona mafuta yakidondoka kwenye gurudumu la gari kuukuu la jirani. Harufu yake ilinirudisha uani kwetu, hapa Lubumbashi, mchana ule ndugu za marehemu baba walipokuja kuchukua gari lake.

Asubuhi mama alikuwa ameingia chini ya gari na kle, spana ya baba. Baadaye nilipoona matone kwenye gurudumu, nilidhani gari nalo linamlilia baba. Nikalipapasa ili linyamaze. Sikujua bado kwamba mama alikuwa amelegeza skurubu ya mafuta ya breki.

Baba mkubwa aliketi kwenye usukani, akakanyaga. Pedali ikazama hadi chini.

“Mama Ngalula, hii motokari haina na freni.”

“Njo vile ndugu yenu aliiacha,” mama alijibu, akiendelea kupukuchua mahindi.

Wakaondoka kwa miguu.

Hapo mama alimimina mafuta mapya, akaniketisha kwenye usukani, akarudi kwenye gurudumu. “Kanyaga. Kamata. Achilia.” Tulirudia hadi pedali ikawa ngumu, naye akakaza skurubu.

Kesho yake aliendesha hadi mlangoni kwa baba mkubwa. Akakanyaga freni, gari likasimama palepale. Akapiga honi mara moja, akangoja atoke atuone, kisha tukaenda zetu sokoni.