Sinia la Topasi

Wazungu walipokuja Nachingwea kulima karanga, walileta matrekta, mahema na majigambo. Karanga zenyewe zilikataa kuota walivyoagiza. Vyoo vyao, ndugu yangu, havikukataa. Vilijaa kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Ikabidi apatikane topasi, mtu wa kubeba ndoo za choo alfajiri na kuzimwaga shimoni. Akapatikana Saadi wa Naipingo. Bwana afya mwenyewe alisema topasi akikosekana juma moja, kambi nzima itaharisha na karanga atazipalilia shetani.

Kwao Naipingo walimheshimu kwa namna yao. Kanga alizoleta zilivaliwa, sukari yake ililambwa, na msikiti uliezekwa mabati kwa mshahara wake. Mkono wake tu ndio haukutakiwa. Kwenye karamu, ambako wanaume hukaa watano watano kuzunguka sinia moja, Saadi alitengewa lake pembeni kama mgonjwa wa ndui. Alioga mpaka ngozi ikapauka, wapi. Akabaki na jambo moja moyoni: siku ya kumwoza binti yake Mwantumu, ale sinia moja na mkwewe.

Siku ikafika. Mkwewe huyo, baba wa bwana harusi, alikuwa Mikidadi wa Likunja, mzee wa kanzu iliyopigwa pasi, anayekunja pua hata kuku akipita. Na wapishi, kwa mazoea, wakamtengea Saadi sinia pembeni, nyumbani kwake mwenyewe, kwenye harusi aliyoigharamia mwenyewe. Kwa kumwonea huruma wakalirundika nyama. Saadi aliitazama ile nyama, machozi yakamlenga.

Kwenye sinia la Mikidadi nyama ilikwisha kabla bismillahi haijakauka mdomoni. Mzee akanyoosha shingo, akaiona minofu ya mbuzi mbele ya Saadi.

"Jamani, uchafu ni wa moyo," alisema huku akijivuta mkekani. "Mbele ya Mungu sote sawa. Sogea, mkwe."

Wenzake wakaongoka papo hapo, wakamfuata. Saadi alifurahi hata akasahau kula, na alipokumbuka, sinia lilikuwa jeupe. Hakujali. Miaka yote ile hakuna aliyemgusa bega, na leo alikuwa amebanwa huku na huku na watu wanaotafuna.

Mikidadi aliposhiba akaitisha sabuni.

"Mimina maji mengi, mwanangu, mpaka viwikoni," alimwambia aliyeshika birika. "Unajua tena tumekula na nani."

Furaha ya Saadi ikakatika. Aliinuka, akalitwaa birika, akachutama mbele ya mkwewe.

"Lete mikono, mkwe," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwa akina mama jikoni. "Usione haya. Kuondoa uchafu wa wakubwa ndiyo kazi yangu."

Akammiminia taratibu, na Mikidadi, mikono imejaa povu, hakuwa na pa kuificha.